Mtutu wa inchi ngapi kwa bunduki nyepesi ya kuwindia?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Moshi, ninamiliki bunduki kihalali na naomba leseni ya uwindaji wa wenyeji msimu ukifunguliwa. Nawinda kwa miguu upande wa Longido na Simanjiro, zaidi swala pala, kongoni na ngiri, na mara nyingi napiga kati ya mita 80 na 200. Nina bunduki ya zamani ya risasi za .30-06 yenye mtutu wa inchi 24, ikifika saa nne asubuhi bega limechoka. Nataka .308 nyepesi. Duka limesema linaweza kuniagizia mtutu wa inchi 18, 20, 22 au 24. Shemeji yangu anasisitiza kwamba mtutu mfupi haufikishi risasi. Nichukue upi? Na je, kukata ule wa zamani si nafuu zaidi?

Jibu: Ndugu yangu, kwa .308 na kwa uwindaji ulioueleza, agiza inchi 20. Ya 22 nayo itakufaa vizuri, na kuna hali moja nitakayoitaja ambapo ningekuambia uchukue hiyo. Ya 24 kwa risasi hii utaibeba bila faida. Ile .30-06 usiikate.

Ila kabla hujalipa, liondoe wazo moja ambalo wengi huenda nalo dukani: kwamba kufupisha mtutu ndiko kunakoifanya bunduki iwe nyepesi. Piga hesabu. Chuma kina gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Mtutu mwembamba wa .308 una kipenyo cha milimita 14 hivi mdomoni. Ukitoa tundu la katikati, kila inchi ya mwisho ina gramu 22 tu. Toka inchi 24 hadi 20 na umeokoa gramu 90 au 100, yaani uzito wa risasi nne za .308. Sasa chukua mtutu wenye kipenyo cha milimita 18 mdomoni: kila inchi ina gramu 41. Kwa mtutu mzima tofauti hiyo inapita gramu 300. Unene ndio unaolemea bega. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye duka liwe la kipenyo cha mdomo wa mtutu, la urefu lifuate.

Darubini ni mzigo mwingine unaosahaulika. Ile kubwa yenye kioo cha mbele cha milimita 50 au 56 huwa na gramu 600 hadi 800. Ndogo ya milimita 32 hadi 36, inayokuza kuanzia mara 2 hadi mara 7 au 8, ina kama gramu 350, na kwa mita 200 huhitaji zaidi ya hapo. Hapo peke yake umeokoa mara tatu au nne ya kile ambacho inchi nne za mtutu zingekupa. Ukianza na bunduki tupu ya kilo 2.7, ongeza darubini hiyo, vishikio vyake gramu 100, mkanda gramu 150 na risasi tano gramu 125: jumla kilo 3.4. Huo ni uzito unaobebeka hadi saa sita mchana. Usishuke chini ya kilo 3 ukiwa umeshaijaza. Bunduki nyepesi kupita kiasi haitulii, hasa ukiwa unahema baada ya kupanda kilima, na itakupiga teke zaidi.

Teke lenyewe lina hesabu rahisi. Kwa risasi ileile, nguvu ya teke hupanda kadiri uzito wa bunduki unavyoshuka. Bunduki ya kilo 4 ikipunguzwa hadi kilo 3, nguvu ya teke inaongezeka kwa theluthi moja. Mwindaji anayeanza kufumba macho kabla ya mlio amepoteza zaidi kuliko alichopata kwenye uzito. Hii ndiyo sababu naona umechagua vyema kutoka .30-06 kwenda .308: baruti ni chache zaidi, na bunduki nyepesi inavumilika.

Kama mtutu mfupi hauokoi uzito mwingi, faida yake iko wapi? Iko kwenye urefu, mizani na ugumu.

Bunduki ya boliti (komeo linalovutwa kwa mkono kuingiza risasi) ya .308 yenye mtutu wa inchi 20 ina urefu wa sentimita 102 hivi. Yenye inchi 24 inafika 112. Sentimita kumi zinaonekana ndogo ukiwa dukani. Ingia nazo kwenye vichaka vya migunga vya Longido ukiwa umeitundika begani: mdomo wa mtutu unapita juu ya kofia, unanasa matawi, unapiga kelele, na kila ukiinama kupita chini ya miiba unagonga kitu. Kwenye Land Cruiser nako, kuitoa bunduki kwenye mfuko wake na kuishusha bila mdomo kumwelekea mwenzako ni rahisi zaidi ikiwa fupi. (Garini iwe tupu wakati wote, chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, imefunguliwa. Urefu wa mtutu haubadilishi sheria hiyo.)

Mizani ipime mwenyewe. Bunduki ikiwa na darubini na risasi kwenye sehemu yake ya kuwekea, chemba ikiwa tupu na kizuizi cha usalama kimefungwa, ilaze juu ya vidole viwili na utafute inapotulia. Inapaswa kutulia karibu na ukingo wa mbele wa sehemu ya kuwekea risasi. Ikitulia nyuma zaidi, karibu na kifyatulio, mdomo utakuwa mwepesi na utayumba unapolenga ukiwa umesimama. Hapo ndipo inchi 18 inaponitia shaka kwenye bunduki nyembamba: gramu chache zilizoondoka ni zile za mbele kabisa, ambazo zilikuwa zinaituliza. Mtutu wa inchi 20 bado unatulia vizuri kwenye fimbo tatu za kuegemezea. Ikiwa unapiga sana ukiwa umesimama bila fimbo, au bunduki ina darubini nzito nyuma, chukua 22. Hiyo ndiyo hali niliyoigusia mwanzo.

Kuhusu ugumu, shemeji na wenzake wengi wanaamini mtutu mrefu unalenga vizuri zaidi. Kwa anayetumia darubini, urefu hauleti usahihi. Mtutu ni kama ufito ulioshikiliwa upande mmoja: kwa kipenyo kilekile na nguvu ileile, kupinda kwake kunafuata urefu kwa kipeo cha tatu. Inchi 20 hupinda karibu asilimia 40 pungufu ya inchi 24. Kwa mtutu mwembamba, ambao tayari ni dhaifu kwa kutetemeka na joto, ufupi ni msaada mkubwa.

Hoja ya urefu na usahihi ilikuwa na maana enzi za vilengeo vya chuma bila darubini, na bado ina maana kwa anayevitumia. Ikiwa kilengeo cha nyuma na cha mbele viko umbali wa sentimita 45, kosa la jicho la milimita moja linakupeleka pembeni sentimita 22 kwa mita 100. Vikiwa umbali wa sentimita 35, kosa hilohilo ni sentimita 28 na nusu. Kama hutaweka darubini, basi usiende chini ya inchi 22.

Sasa tuje kwenye kasi, maana ndiko shemeji yako anakosimamia. Hajasema uongo, ila hesabu yake ni ya risasi nyingine.

Baruti inapowaka, shinikizo linafika kileleni kichwa cha risasi kikiwa kimesogea inchi chache tu. Kuanzia hapo gesi inatanuka na shinikizo linashuka, huku ikiendelea kusukuma. Kila inchi inayofuata inaongeza kasi kidogo kuliko iliyotangulia. Ni kiasi cha baruti nyuma ya tundu ndicho kinachoamua ni muda gani msukumo utabaki na maana. .308 inabeba baruti kama greni 45 (greni moja ni gramu 0.065 hivi). .300 Winchester Magnum, yenye tundu la upana uleule, inabeba greni 70 na zaidi. Gesi nyingi kwenye bomba lilelile zinahitaji njia ndefu zaidi. Ukiikata .300 hadi inchi 20 umenunua teke na mlio wa magnum kwa kasi ya .30-06. Kwa hiyo kwa magnum shemeji yuko sahihi kabisa: inchi 24, au 26. Kwa .30-06 na .270, 22 ndiyo kati na kati. Kwa .308, .243 na 7mm-08, ambazo maganda yake ni mafupi, 20 inatosha.

Kwa tarakimu: .308 yenye kichwa cha greni 165 hutoka na kasi ya mita 823 hivi kwa sekunde kwenye mtutu wa inchi 24, ambao ndio watengenezaji wengi hutumia kupimia. Kila inchi unayoondoa inakugharimu kama mita 6 kwa sekunde. Inchi 22 itakupa takriban 811, inchi 20 takriban 799, inchi 18 takriban 787. Kwa 20, nguvu mdomoni inashuka kutoka kama jouli 3,620 hadi 3,410. Ukirekebisha shabaha kwa mita 200, kwenye mita 300 risasi ya mtutu wa inchi 20 itaanguka chini kuliko ya 24 kwa sentimita 2 au pungufu kidogo. Kongoni hataitambua tofauti hiyo, wala mkono wako kwenye fimbo hautaitambua.

Na usidhani mitutu miwili ya urefu mmoja inatoa kasi moja. Tundu moja likiwa limebana kidogo na jingine limelegea, bunduki mbili za inchi 22 zinaweza kutofautiana kwa mita 15 kwa sekunde, yaani zaidi ya inchi mbili za mtutu. Anayetaka kujua kasi ya bunduki yake aipime kwa kipima kasi, asiisome kwenye boksi.

Kuna jambo la kwetu huku ambalo jedwali la kwenye boksi halikuonyeshi. Majedwali mengi yamepigwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Arusha mjini ni kama mita 1,400, na tambarare za Simanjiro na Longido nyingi ziko juu ya mita 1,000. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13, na kichwa cha risasi kinapoteza kasi ndogo njiani kuliko kingepoteza usawa wa bahari. Kwa .308 uliyonayo mawazoni, ukifika mita 300 hewa hiyo imekurudishia karibu kasi yote uliyoipoteza kwa kuondoa inchi nne. Kwa maneno mengine, bunduki yako ya inchi 20 ikiwa Simanjiro inampiga mnyama wa mita 300 kwa kasi karibu sawa na ile ya inchi 24 ikiwa Tanga ufukweni.

Kinachokuwekea mpaka ni kutanuka kwa kichwa cha risasi. Vichwa laini vingi vinahitaji kasi ya mita 550 kwa sekunde au zaidi vinapomfikia mnyama, na vya shaba tupu vinapenda 600. Chini ya hapo kichwa kinapita kama msumari na mnyama anakimbia na jeraha, jambo ambalo hakuna mwindaji anayepaswa kulikubali. Inchi 20 badala ya 24 inasogeza mpaka huo karibu kwa mita 40 hivi, na mpaka wenyewe uko mbali kupita mita 300. Wewe unapiga hadi 200. Kama utatumia vichwa vya shaba tupu, chagua vyepesi kidogo, greni 150 badala ya 180, ili kasi ibaki.

Juu ya pofu dume, ambaye hukumtaja lakini msimu huwa unaleta kishawishi: anaweza kupita kilo 700, na inchi mbili za mtutu hazitaigeuza .308 kuwa bunduki yake. Tafuta risasi kubwa zaidi. Nyati kanuni zinamtaka kuanzia .375, hapo hakuna mjadala.

Gharama halisi ya mtutu mfupi ni mlio. Gesi inatoka ikiwa bado na shinikizo kubwa, na mdomo uko karibu zaidi na uso wako. Bunduki yoyote ya .308 inapita desibeli 150, na sikio linaumizwa na mlio wa desibeli 140. Kwa inchi 18 mlio unakuwa mkali kiasi cha kumfanya mtu aanze kuogopa kifyatulio, na jioni utaona na mwali. Vaa kinga za masikio wakati wa mazoezi bila kukosa, na porini weka zile zinazopitisha sauti ndogo na kuzuia mlio. Kile kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni kupunguza teke sikushauri kwa uwindaji wa kundi: kinarusha mlio pembeni na nyuma, moja kwa moja kwa msaka nyayo na askari wanyamapori waliosimama kando yako. Tena kinaongeza inchi mbili, na ukishakifunga kwenye mtutu wa 20 umerudi kwenye urefu wa 22.

Bunduki ikifika dukani, upime mtutu kabla ya kutia saini. Hakikisha ni tupu, angalia chemba kwa jicho na kwa kidole, funga boliti, kisha ingiza ufito wa mbao taratibu kupitia mdomoni mpaka uguse uso wa boliti. Weka alama usawa wa mdomo, utoe, upime. Huo ndio urefu wa mtutu. Kifaa kinachofunguka mdomoni hakihesabiwi.

Ile ya zamani sasa. Kuikata kutoka 24 hadi 22 kutakupunguzia gramu 50 hadi 80 kulingana na unene wake. Kwa hizo gramu utapoteza kilengeo cha mbele, utalipa fundi, na utaweka hatarini sehemu nyeti kuliko zote, yaani ukingo wa mdomo wa mtutu. Gesi lazima itoke kuzunguka kichwa cha risasi kwa usawa pande zote. Ukingo ukiwa umeinama hata kidogo, au una kijipande cha chuma kilichobaki kwenye mfuo mmoja (mifuo ni mifereji ya ndani ya tundu), gesi inatangulia upande mmoja na kusukuma kitako cha kichwa. Risasi zitatawanyika na hutajua kwa nini. Kazi hiyo ni ya mashine ya kukereza, mtutu ukiwa umewekwa katikati kwa kufuata tundu lake (si kwa kufuata nje, kwa sababu mara nyingi tundu haliko katikati kamili), na ifanywe na fundi silaha mwenye leseni tu. Msumeno wa mkono na tupa ni njia ya kuua bunduki nzuri. Na kabla ya lolote, zungumza na ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni yako, kwa sababu umeandikishiwa silaha ikiwa na umbo fulani. Hela hiyo afadhali uiweke kwenye kitako chepesi (mwili wa mbao au plastiki unaobeba mtutu) na darubini ndogo: utapunguza nusu kilo bila kugusa chuma.

Ukishapata .308 yako, kuna mambo mawili yanayowasumbua wenye mitutu myembamba.

La kwanza ni kitako cha plastiki laini. Ukiegemeza kwenye fimbo, kitako kinapinda na kugusa mtutu, na risasi inahama. Kunja noti mara mbili, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mdomoni hadi karibu na chemba. Ikinasa, kuna mahali panagusa, na fundi atapakwangua kwa nusu saa. Rudia jaribio hilo bunduki ikiwa imeegemezwa kwenye fimbo, maana ikiwa mkononi inaweza kupita na ikiwa imeegemezwa ikanasa. Barabara za makorongo nazo hulegeza skrubu za kitako na za darubini, kwa hiyo zikague kila baada ya safari, kwa kipimo cha mtengenezaji.

La pili ni joto. Mtutu mwembamba ukipiga risasi tano mfululizo chini ya jua unahama, na mwenye bunduki anaanza kuzungusha vitufe vya darubini kufuata joto. Anamaliza boksi zima akiwa amepotea kuliko alipoanza. Kwenye uwanja wa shabaha piga tatu tu, fungua boliti, isimamishe kivulini dakika kumi, mdomo juu, mpaka mtutu uushike bila kuunguza kiganja. Mnyama hupigwa kwa risasi ya kwanza, mtutu ukiwa wa baridi, hivyo hiyo ndiyo ya kuamini. Futa mafuta ndani ya tundu kabla hujapiga, kwa sababu mafuta huipeleka risasi ya kwanza pembeni. Kisha piga moja tu asubuhi, kwenye karatasi moja unayoihifadhi, siku tatu tofauti. Matundu matatu yakilala ndani ya upana wa kiganja kwa mita 100, bila kuegemea upande mmoja, vitufe vya darubini viache vilivyo. Yakiegemea upande mmoja wa katikati, rekebisha kwa wastani wa yote matatu, usirekebishe kwa la mwisho.